Safari ya Damu na Safari ya Majibu: Kuutathmini Mfumo wa Kupima Wingi wa Virusi vya UKIMWI

Mwezi wa Februari, mvua zinapokuwa zimekolea katika uwanda wa kati wa Tanzania, makorongo yanayomwaga maji yake katika Mto Bubu hujaa kwa muda wa saa chache, na njia iliyopitika asubuhi huenda isipitike jioni. Chukua mfano wa mama mkulima wa upande wa Farkwa, wilayani Chemba, ambaye anaishi na virusi vya UKIMWI na humeza dawa kila siku. Asubuhi moja ya mwezi huo amefika kwenye zahanati kuchukua dawa zake, na muuguzi amemweleza kwamba mwaka umetimia tangu alipopimwa mara ya mwisho wingi wa virusi katika damu. Anatolewa damu, anaambiwa kuwa majibu atayapata atakaporudi, kisha anashika njia ya nyumbani kuwahi palizi.

Mama huyo ni wa mfano tu, lakini maelfu ya watu katika mikoa ya Dodoma na Singida hupita njia hiyo hiyo kila mwaka. Damu yao inapoondoka zahanati huanza safari mbili. Ya kwanza ni safari ya damu kwenda maabara. Ya pili ni safari ya majibu kurudi kwa mwenye damu, na nakala yake kwenda kwa wale wanaoangalia mwenendo wa ugonjwa katika taifa zima. Safari ya kwanza ina mashine na wataalamu, na aghalabu ndiyo inayotembelewa na wageni. Ya pili haina fahari yo yote: ni karatasi, namba na simu. Hata hivyo, wataalamu wanapoutathmini mfumo huu, ni katika safari ya pili ndipo hubainika kama damu ilitolewa kwa faida au bure.

Kinachohesabiwa

Virusi vya UKIMWI havina uwezo wa kuzaana vyenyewe. Huingia ndani ya chembechembe nyeupe za damu zinazoongoza ulinzi wa mwili, na humo hugeuza maagizo yao ya urithi, ambayo ni RNA, yakawa DNA, kwa msaada wa kimeng'enya maalumu. Kimeng'enya hicho kiligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake. Chembe iliyoingiliwa hugeuka kiwanda cha virusi vipya, ambavyo humwagika katika maji ya damu, yaani plazima. Kupima wingi wa virusi ni kuhesabu nakala za RNA ya virusi zilizomo katika mililita moja ya plazima.

Mtu asiyetumia dawa aweza kuwa na nakala 100,000 au hata zaidi ya 1,000,000 katika mililita moja. Kwa sababu tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa kiasi hicho, wataalamu hupenda kutumia logarithimu: nakala 1,000 ni 3, nakala 1,000,000 ni 6. Dawa zikimezwa ipasavyo, viwanda hivyo huzuiwa, na idadi hiyo huporomoka hata mashine isiweze kuona kitu. Hali hiyo ndiyo iitwayo kufubaza virusi. Virusi havijaisha mwilini, kwani vingine hubaki vimejificha ndani ya chembe, lakini havina nguvu ya kuudhuru mwili maadamu dawa zinaendelea.

Shirika la Afya Duniani huweka mpaka kwenye nakala 1,000. Aliye juu ya mpaka huo hajafubaza virusi. Aliye chini yake amefubaza, na yule ambaye virusi vyake havionekani kabisa kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Jambo hili si la kubahatisha. Tafiti zilizofuatilia mamia ya wenzi huko Ulaya, na kuchapishwa mwaka 2016 na 2019, hazikukuta hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenzi ambaye virusi vyake vilikuwa vimefubazwa.

Mwaka 1983

Mambo matatu yanayohusu makala haya yalitokea mwaka 1983. Katika mkoa wa Kagera walitambuliwa wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania. Mjini Paris, watafiti wa Taasisi ya Pasteur, akiwamo Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier, walikieleza kirusi ambacho baadaye kilithibitika kuwa ndicho chanzo cha ugonjwa. Na huko Marekani mkemia Kary Mullis alibuni njia ya kurudufu DNA katika chupa, ijulikanayo kwa kifupi kama PCR.

Njia ya Mullis ni rahisi kuieleza kwa hesabu. Kila mzunguko wa joto na baridi huongeza nakala za DNA maradufu. Nakala moja huwa 2, kisha 4, kisha 8. Baada ya mizunguko 30 nakala hiyo moja huwa 2 kwa kipeo cha 30, yaani zaidi ya bilioni moja. Damu yenye virusi vingi hufikia kiwango cha kuonekana baada ya mizunguko michache, na yenye virusi vichache huhitaji mizunguko mingi. Kwa kuhesabu mizunguko, mashine hukadiria wingi wa virusi vilivyokuwamo tangu mwanzo. Kwa kuwa virusi hivi vina RNA, kwanza hugeuzwa DNA kwa kimeng'enya cha aina ile ile waliyoigundua Temin na Baltimore. Silaha ya kirusi imegeuzwa kuwa chombo cha kukihesabu.

Kati ya ugunduzi na huduma kulipita miaka mingi. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikwisha kutoa taarifa za wagonjwa. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2004. Kwa miaka kadhaa maendeleo ya mgonjwa yalipimwa kwa kuhesabu chembe za CD4, ambazo ndizo zinazoshambuliwa. Kipimo hicho kilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: chembe hizo hupungua baada ya virusi kuongezeka. Ni sawa na kungoja paa livuje ndipo ijulikane kuwa nyasi zimeoza. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wingi wa virusi uwe ndio kipimo cha kwanza cha kuangalia kama dawa zinafanya kazi, na Tanzania ikaanza kukieneza.

Njia ya kwenda

Damu ni kitu kinachoharibika. Kwa kawaida haipasi kukaa zaidi ya saa 24 kabla ya kuzungushwa kwa kasi ili plazima itengwe na chembe. Plazima iliyokwisha kutengwa huweza kukaa siku chache kwenye jokofu. Zahanati nyingi za vijijini hazina mashine ya kuzungushia, na nyingine hazina umeme wa kutegemewa. Hivyo sampuli hukusanywa kutoka zahanati hadi kituo kikubwa zaidi, yaani kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ambako hutengwa na kupoozwa, kisha hupelekwa maabara yenye mashine.

Pale ambapo saa 24 hazitoshi hutumika njia ya pili, ya matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi maalumu. Karatasi hiyo haihitaji barafu, na huweza kusafiri kwa majuma kadhaa ndani ya bahasha yenye kikausha unyevu. Udhaifu wake ni kwamba hubeba damu kidogo, na kwa hiyo haionyeshi vizuri virusi vichache sana. Kuna na njia ya tatu: mashine ndogo zilizoenezwa kwanza kwa ajili ya kupima kifua kikuu, ambazo zaweza kupima wingi wa virusi kwa muda wa dakika 90 hivi, karibu zaidi na mgonjwa.

Katika uwanda wa kati, uchaguzi kati ya njia hizi huamuliwa na jiografia pamoja na kemia. Mji wa Dodoma uko yapata mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, katika eneo kavu ambalo mvua yake huangukia takriban yote kati ya Desemba na Aprili. Barabara ya lami kutoka Dodoma kwenda Kondoa hadi Babati imefupisha mno safari ya sampuli zinazotoka kando yake. Lakini barabara kuu haifiki kwenye kila zahanati. Kilomita 20 za mwisho, zenye makorongo na mchanga, ndizo huweza kula saa nyingi kuliko kilomita 150 za lami. Aidha, watu wenyewe huhama kwa majira: wakulima huenda kutafuta vibarua mavuno yakiwa haba, na wafugaji hufuata maji na malisho. Majibu yakichelewa, huenda yakafika wakati mwenyewe hayupo.

Njia ya kurudi

Mtu aliyeandikishwa kwenye kliniki ya tiba na matunzo, ambayo watu wengi huiita CTC, hupewa namba yake. Tarakimu zake huonyesha mkoa, wilaya, kituo na mtu mwenyewe. Namba hiyo huandikwa kwenye kadi anayotunza, kwenye kadi inayobaki kituoni, kwenye rejesta, kwenye fomu ya kuombea kipimo na kwenye chupa. Ikifika maabara huingizwa tena katika kompyuta. Majibu hurudi kwa karatasi au kwa njia ya elektroniki, na nakala yake huingia katika hazina ya taifa ya takwimu za maabara, ambako Wizara ya Afya huweza kuona hali ya kila mkoa na kila wilaya.

Hapa ndipo kipimo cha mtu mmoja kinapogeuka kuwa ufuatiliaji wa ugonjwa. Alexander Langmuir, daktari wa Marekani aliyeweka misingi ya elimu hii, alieleza mwaka 1963 kwamba ufuatiliaji ni kukusanya habari, kuzipanga na kuzichambua, na kuzirudisha kwa wale wanaopaswa kuzijua. Sehemu ya mwisho ndiyo husahauliwa kwa urahisi. Hazina iliyojaa takwimu ambazo hazikurudi kituoni ni mfano wa ghala ambalo mkulima hupeleka nafaka lakini hagawiwi chakula wakati wa njaa.

Mtu akikutwa na virusi zaidi ya 1,000, kazi huwa ndiyo kwanza inaanza. Huitwa na kupewa ushauri wa kina juu ya ufuasi wa dawa: je, anazimeza kila siku, anazificha kwa kumwogopa mtu nyumbani, nauli imemshinda, ana chakula? Baada ya kipindi cha miezi mitatu hivi hupimwa tena. Ikiwa virusi bado ni vingi ingawa anameza dawa barabara, yawezekana virusi vyake vimekuwa sugu, na dawa hubidi zibadilishwe. Kila juma linalopotea njiani humwongezea mtu huyo hatari, na pia humwongezea mwenzi wake na mtoto aliye tumboni.

Kuutathmini mfumo

Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilichapisha mwongozo wa kutathmini mifumo ya ufuatiliaji mwaka 1988, kikaurekebisha mwaka 2001, na sehemu kubwa ya dunia huufuata. Nchini Tanzania, wanafunzi wa mafunzo ya epidemiolojia ya nyanjani na maabara, yaliyoanza mwaka 2008, hujifunza kuutumia. Mwongozo huo hutaja sifa kadhaa ambazo mfumo mzuri wapaswa kuwa nazo. Zilizo muhimu zaidi hapa ni tano: urahisi, ubora wa takwimu, uwakilishi, wepesi wa kufika kwa wakati, na uimara.

Urahisi na ubora wa takwimu huenda pamoja. Chukulia kwamba kila namba inaponakiliwa kuna uwezekano wa kosa katika nakala 1 kati ya 100. Ikinakiliwa mara tano, uwezekano wa kubaki sahihi ni 0.99 kwa kipeo cha 5, yaani takriban 0.95. Kosa dogo la asilimia 1 limekuwa asilimia 5. Majibu 5 kati ya 100 yatakosa mwenyewe au yatamwangukia mtu mwingine. Kwa sababu hiyo mtathmini hachukui orodha ya maabara akaiamini. Huchukua majalada kadhaa kwa kubahatisha, akayalinganisha na orodha hiyo. Kisha hufanya kinyume chake, akatoka kwenye orodha na kuyatafuta majalada.

Wepesi wa kufika kwa wakati huhesabiwa kwa siku tangu damu kutolewa hadi majibu kumfikia mwenyewe. Chukua majibu tisa ya mfano, yaliyochukua siku 9, 11, 12, 14, 15, 17, 20, 24 na 94. Wastani wake ni siku 24, lakini namba ya kati ni 15. Mtathmini hupendelea namba ya kati, kwani haivutwi na jibu moja lililopotea njia. Lakini asiishie hapo, maana huenda aliyesubiri siku 94 ndiye aliyekuwa na virusi vingi. Hali kadhalika yampasa agawanye muda huo: siku ngapi zilipotea zahanati, ngapi barabarani, ngapi maabara, na ngapi baada ya majibu kurudi kituoni. Bila mgawanyo huo, fedha zaweza kutumika kununua mashine ya haraka ilhali majibu yanalala mezani.

Uwakilishi ndio huwakanganya watu wengi. Chukulia kliniki yenye watu 200 wanaopaswa kupimwa katika mwaka. Waliotolewa damu ni 160. Sampuli 8 zilikataliwa maabara, ama kwa kuganda ama kwa kukosa namba. Zilizopimwa ni 152, na kati yake 144 zilionyesha kuwa virusi vimefubazwa. Taarifa ya maabara itasema: asilimia 95 wamefubaza virusi. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini ni ya waliopimwa tu. Watu 48 hawamo ndani yake. Kama wote 48 wamefubaza virusi, kiwango cha kliniki ni 192 kati ya 200, yaani asilimia 96. Kama hakuna hata mmoja, ni 144 kati ya 200, yaani asilimia 72. Ukweli uko mahali fulani katikati, na kuna sababu ya kuhofu kwamba hauko karibu na 96, kwani asiyekuja kupimwa mara nyingi ndiye pia asiyekuja kuchukua dawa.

Sasa waangaliwe wale 8 waliokutwa na virusi vingi. Ikiwa majibu ya 6 yalifika kwenye majalada, 5 wakaitwa na kupewa ushauri, na 4 wakapimwa tena, basi nusu ya watu waliohitaji sana msaada wa mfumo hawakuupata hadi mwisho. Katika jedwali la taifa kasoro hiyo haionekani. Huonekana tu kwa yule anayefuata majina, jalada kwa jalada.

Kwa sababu takwimu za kliniki haziwezi kuwaona wasiofika kliniki, taifa huhitaji pia uchunguzi wa nyumba kwa nyumba. Uchunguzi wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wazima wote waishio na virusi nchini, waliofubaza walikuwa yapata asilimia 52. Ule wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha zaidi ya robo tatu. Hayo ni maendeleo makubwa. Uchunguzi huo wa pili ulionyesha pia mahali pengo lilipo: waliojua kuwa wana virusi walikuwa asilimia 82.7, kati ya hao, waliokuwa wakitumia dawa ni asilimia 97.9, na kati ya watumiao dawa, waliofubaza virusi ni asilimia 94.3. Pengo kubwa liko mwanzoni, kwa wasiojua hali zao, ambao mfumo wa kupima wingi wa virusi hauwezi kuwaona kabisa.

Uimara

Sifa ya mwisho ni uimara. Mfumo imara ni ule unaoendelea kufanya kazi umeme ukikatika, mashine ikiharibika au vitendanishi vikichelewa. Na kuna mtikisiko wa aina nyingine. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama za dawa, vitendanishi, usafirishaji wa sampuli na uingizaji wa takwimu nchini Tanzania ilibebwa na wafadhili, hasa mpango wa Marekani ulioanzishwa mwaka 2003 na Mfuko wa Dunia. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilipositisha ghafla misaada yake ya nje, nchi nyingi za Afrika zilikumbushwa kwamba mfumo unaosimama juu ya nguzo moja hauwezi kuitwa imara.

Wakati kama huo ndipo tathmini huwa na thamani kubwa. Fedha zikipungua, mtu asiye na takwimu hukata kila kitu kwa kiasi sawa. Mwenye takwimu anajua ni zahanati zipi zaweza kutumia karatasi ya matone badala ya chupa na barafu, ni mashine ipi inafanya kazi nusu siku, na ni hatua gani haipasi kuguswa. Kumpigia simu mtu mwenye virusi vingi ni kazi ya gharama ndogo katika mnyororo mzima. Ikikatwa, gharama zote zilizotangulia zimepotea.

Walimu wa hesabu na baiolojia waweza kuwafundisha wanafunzi wao tathmini hii bila kugusa siri ya mgonjwa ye yote. Darasa lichukue rejesta ya mahudhurio ya shule. Lihesabu ni siku ngapi zimejazwa na ngapi ziko wazi. Lilinganishe majina ishirini ya kubahatisha na majalada ya ofisini. Lipime siku tangu mwanafunzi alipoanza utoro hadi mzazi alipoarifiwa, na litafute namba ya kati. Kisha liulize ni wanafunzi gani ambao rejesta haikuwahi kuwaona. Baada ya hapo, wajadili hatua ambayo shule ingepaswa kuilinda kama fedha za karatasi na simu zingepungua kwa nusu. Yule mama wa Farkwa, anapopanda tena zahanati kuchukua dawa zake, hukutana na maswali yale yale: je, jibu lake limo ndani ya jalada, na je, kuna mtu aliyelisoma?